Mgeni na Mwenyeji: Historia ya Wasafiri wa Baharini Katika Visiwa vya Galápagos

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii aghalabu hutajwa kwa furaha, kwa kuwa mgeni ajapo hupikiwa kilicho bora, na mwenyeji naye hula pamoja naye chakula ambacho angalikuwa peke yake asingalikiona. Lakini methali, kama sheria, yataka kupimwa kwa mambo yaliyotukia. Katika makala haya nimekusudia kuipima methali hiyo kwa historia ya visiwa vilivyo mbali sana na pwani yetu, ambavyo wageni wa kwanza wajulikanao katika maandiko walipofika hawakumkuta hata mtu mmoja wa kuwapokea. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa kobe, mijusi na ndege. Wageni wamekuwa wakija kwa muda wa karne tano sasa. Tutazame basi kama mwenyeji amepona.

Visiwa vyenyewe

Visiwa vya Galápagos viko katika Bahari ya Pasifiki, katika mstari wa Ikweta, mwendo wa kilometa 1,000 hivi magharibi ya pwani ya Ekuador, nchi ambayo ndiyo inayovitawala. Vyote ni vilele vya volkano zilizoinuka kutoka chini ya bahari. Wataalamu wa miamba wametuonyesha kwamba chini ya sakafu ya bahari hiyo pana mahali penye joto kali pasipohama, na gamba la dunia hupita juu yake polepole likielekea mashariki. Ndiyo sababu visiwa vya upande wa mashariki, kama Española na San Cristóbal, ni vikongwe, umri wake ukiwa miaka milioni kadhaa, na vile vya magharibi, Isabela na Fernandina, ni vichanga na moto wake haujazimika. Volkano ya Fernandina ilitoa moto tena mwezi wa Machi 2024.

Visiwa hivi havikupata kuungana na bara. Kwa hiyo kila kiumbe kilichomo, au wazee wake, kilifika kwa kuruka, kwa kuogelea, au kwa kuchukuliwa na maji juu ya gogo. Wanyama wakubwa walao nyama hawakuweza kuivuka bahari pana kiasi hicho, na waliofika wakakaa kizazi baada ya kizazi pasipo adui wa nchi kavu wa kuwatisha. Hofu nayo ni elimu ipatikanayo kwa mateso. Elimu hiyo wao hawakuipata. Mnandi wa visiwa vya magharibi akaacha kuruka, mabawa yake yakawa vipande tu. Mijusi wakubwa mfano wa kenge wakajifunza kupiga mbizi na kula mwani. Mkondo wa maji baridi utokao kusini, uitwao Humboldt, ukawafanya hata pengwini, ndege wa nchi za baridi, waweze kukaa chini ya jua la Ikweta.

Habari ya majina

Wasomaji wa jarida hili wapendao habari za lugha watapenda kujua kwamba majina ya visiwa hivi ni historia nzima kwa yenyewe. Neno *galápago* katika Kihispania ni jina la kobe. Na neno lilo hilo hutumika pia kwa namna fulani ya tandiko la farasi. Maana zote mbili zinafaa, kwa sababu katika visiwa vilivyo vikavu gamba la kobe limeinuka mbele mfano wa tandiko, hata mnyama aweza kunyosha shingo na kufikia majani ya mpungate yaliyo juu. Katika ramani ya Ortelius ya mwaka wa 1570 visiwa hivi vimekwisha andikwa kwa jina la kobe.

Mwaka wa 1684 haramia Mwingereza aitwaye William Ambrose Cowley alivichora katika ramani, naye akavipa majina ya wafalme na wakubwa wa kwao: Charles, James, Albemarle. Kisha mwaka wa 1892, ilipotimia miaka 400 tangu safari ya Columbus, serikali ya Ekuador ikavibadili majina vyote kwa kumheshimu baharia huyo. Fungu zima likaitwa Visiwa vya Colón. Viwili vikapewa majina ya malkia na mfalme waliomtuma, Isabela na Fernandina. Kimoja kikaitwa Pinta, jina la chombo katika msafara wake. Hivyo kisiwa kimoja chaweza kuwa na majina mawili au matatu, na asomaye vitabu vya kale hana budi kuwa na orodha mkononi. Lakini majina hayo yote ya wafalme na mabaharia hayakuweza kuling'oa lile la kwanza. Ulimwengu ungali ukisema Galápagos, na jina la kobe limelishinda jina la Columbus.

Wageni wa kwanza

Mgeni wa kwanza aliyeacha maandishi ni Fray Tomás de Berlanga, Askofu wa Panama. Mwaka wa 1535 alikuwa akisafiri kwenda Peru, upepo ukakatika, na mikondo ya bahari ikakichukua chombo chake hata kufika visiwani tarehe 10 Machi. Katika barua aliyomwandikia mfalme wake, Charles V, alieleza jinsi walivyotafuta maji wasiyaone, hata wakatafuna mpungate ili kupata unyevu wake. Watu wawili na farasi kumi walikufa. Alieleza pia habari za kobe wakubwa kiasi cha kuchukua mtu mgongoni, na ndege wapumbavu wasiojua kumkimbia binadamu, hata wengi walikamatwa kwa mikono.

Neno hilo "wapumbavu" lafaa kukumbukwa, kwa maana wageni wengi waliofuata walilirudia. Mwenyeji asiyemwogopa mgeni alihesabiwa kuwa mjinga, wala haikuwapitia mawazoni kwamba labda ni mgeni aliyeuvunja uaminifu.

Baada ya askofu walikuja maharamia wa karne ya 17, waliozinyang'anya merikebu za Kihispania na kujificha visiwani. Baada yao wakaja wawindaji wa nyangumi, Waingereza na Wamarekani. Hao ndio waliofanya uharibifu mkubwa kuliko wote. Walikwisha kugundua kwamba kobe wa Galápagos aweza kukaa katika ngama ya merikebu kwa muda wa miezi mingi, hata karibu mwaka, pasipo kula wala kunywa, na nyama yake isiharibike kwa kuwa yu hai. Wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine ya kuweka nyama mbichi baharini, sifa hiyo ilikuwa msiba kwa kobe. Mwaka wa 1925 mtaalamu Charles Townsend alichapisha hesabu aliyoikusanya katika daftari za merikebu 79 tu za wawindaji hao, kati ya mwaka wa 1831 na 1868. Humo yameandikwa makobe zaidi ya 10,000. Nazo hizo ni sehemu ndogo ya merikebu zilizopita huko.

Mwaka wa 1820 merikebu ya Kimarekani iitwayo Essex ilitia nanga katika kisiwa cha Charles, ambacho sasa huitwa Floreana, baada ya kupakia kobe 300 hivi kutoka Hood, yaani Española. Baharia mmoja aliwasha moto kichakani kwa mzaha. Ilikuwa ni wakati wa kiangazi. Moto ukaenea, na mabaharia wakaondoka huku moshi ukionekana nyuma yao. Majuma machache baadaye, tarehe 20 Novemba, nyangumi aliigonga merikebu hiyo katikati ya Pasifiki akaizamisha, na katika taabu zao walionusurika walikula kobe wale wale waliowachukua. Kisa cha nyangumi kimeandikwa mara nyingi. Kisa cha moto si wengi wakitajao.

Tena, si yale tu waliyoyachukua, bali na yale waliyoyaacha. Panya walishuka melini wenyewe. Mbuzi walishushwa makusudi, wapate kuzaana na kuwa akiba ya nyama. Mwaka wa 1813 David Porter, nahodha wa manowari ya Kimarekani, alishusha mbuzi wachache wale majani katika kisiwa cha James. Wakaingia milimani wasirudi. Mbuzi ni mnyama mwema kwa mchungaji wake, lakini pasipo mchungaji hula jani, na shina, na mche ambao kesho ungalikuwa kivuli. Kobe hawezi kushindana naye.

Darwin, na elimu iliyochelewa

Ekuador iliviweka visiwa chini ya bendera yake mwezi wa Februari 1832, na makazi yakaanzishwa Floreana. Miaka mitatu baadaye, tarehe 15 Septemba 1835, iliwasili merikebu ya Kiingereza iitwayo Beagle, na ndani yake kijana wa miaka 26, Charles Darwin. Alikaa majuma matano, akashuka katika visiwa vinne.

Watu wengi hudhani kwamba Darwin aliifahamu siri ya visiwa papo hapo. Sivyo. Makamu wa gavana, Nicholas Lawson, alimwambia kwamba yeye aweza kumtazama kobe na kujua ametoka kisiwa gani kwa umbo la gamba lake. Darwin mwenyewe amekiri kuwa mwanzoni hakulizingatia sana neno hilo. Wale ndege wadogo wafananao na chiriku, ambao leo wanaitwa kwa jina lake, hakuwaandika sawasawa kwa visiwa vyao. Ilikuwa mwaka wa 1837, katika mji wa London, ndipo John Gould alipowachunguza na kuonyesha kwamba ni jamaa moja yenye midomo mbalimbali. Makobe waliopakiwa katika Beagle kwa chakula waliliwa njiani, na magamba yakatupwa baharini. Ushahidi ulikuwa juu ya sahani.

Twajifunza hapa jambo moja: mwenyeji wa mahali, yaani Lawson, alikuwa na elimu ambayo mtaalamu hakuwa nayo. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya viumbe kilipotoka mwaka wa 1859, kobe wa Floreana walikuwa wamekwisha.

Wataalamu waliofuata nao hawakuwa bila lawama. Mwaka wa 1905 na 1906 msafara wa Chuo cha Sayansi cha California ulikusanya kobe zaidi ya 250, kwa kuamini kwamba jamii hiyo karibu itatoweka na kwamba ni afadhali wabaki katika makumbusho kuliko wasibaki popote. Katika kisiwa cha Fernandina walimwona kobe mmoja tu, dume, wakamchukua naye. Kwa zaidi ya miaka 100 ilidhaniwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho, hata mwaka wa 2019 alipopatikana jike mzee, naye yu hai peke yake kati ya mawe meusi.

Mgeni wa namna mpya

Mwaka wa 1959, miaka 100 tangu kitabu cha Darwin, serikali ya Ekuador iliifanya hifadhi ya taifa nchi yote isiyokaliwa na watu, nayo ni asilimia 97 ya ardhi ya visiwa. Mwaka ule ule likaundwa Shirika la Charles Darwin, na kituo chake cha utafiti kikafunguliwa mwaka wa 1964 katika kisiwa cha Santa Cruz. Tangu mwaka wa 1965 mayai ya kobe yalianza kukusanywa na kulelewa mbali na panya. Kisiwa cha Española kilikuwa kimebakiwa na kobe 14 tu, majike 12 na madume mawili. Dume la tatu lililetwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Kutokana na hao 15 wamezaliwa takriban 2,000, nao wazee wenyewe wakarudishwa nyumbani mwaka wa 2020.

Lakini hifadhi yahitaji fedha na walinzi. Hapa historia ya Galápagos yagusana na historia yetu. Mwezi wa Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Julius Nyerere alitangaza kwamba wanyama wa porini ni amana mikononi mwa taifa linalopata uhuru. Mwaka wa 1966 Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini ya Kenya, pamoja na David Snow, waliandika taarifa juu ya uendeshaji wa hifadhi ya Galápagos na maendeleo ya utalii wake. Suala lililokuwa mbele ya Afrika ya Mashariki ndilo lililokuwa mbele ya Ekuador: mnyama aliye hai aweza kuilisha nchi kuliko mnyama aliyekufa?

Jawabu la Galápagos lilikuwa ni meli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilianza safari za watalii ambao hulala na kula melini, hushushwa pwani mchana kwa mashua, na kurejea kabla ya jua kuchwa. Kwa njia hiyo kisiwa kisicho na watu hakihitaji hoteli, wala barabara, wala kisima. Meli ile ile iliyokuwa chombo cha kuangamiza ikageuzwa kuwa chombo cha kuhifadhi.

Sheria zake zastahili kuelezwa, maana ndizo zinazomtofautisha mgeni huyu na wale wa kale. Hakuna kundi linaloshuka pasipo kiongozi aliyepewa kibali na hifadhi, na kiongozi mmoja hachukui watu zaidi ya 16. Meli iliyo kubwa haina ruhusa ya kupita abiria 100. Wageni hutembea katika njia zilizowekewa alama. Hawamkaribii mnyama chini ya meta mbili. Hawachukui kitu, hata kokoto. Njia ya kila meli hupangwa na hifadhi, na tangu mwaka wa 2012 meli hairuhusiwi kurudia mahali pale pale kabla ya siku 14. Na wanyama wangali hawaogopi. Simba wa bahari hulala njiani, na mgeni ndiye apishaye.

Pande mbili za mizani

Je, mwenyeji amepona? Tukitaka kusema kweli tutazame pande zote mbili.

Kwa upande mmoja, kati ya mwaka wa 1997 na 2006 mbuzi zaidi ya 100,000 waliondolewa kaskazini ya Isabela na katika Santiago, na misitu ikaanza kurudi. Visiwa viliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1978, na mwaka wa 1998 bahari yake nayo ikawekewa hifadhi. Ada ya kuingia, iliyokuwa dola 100 kwa mgeni wa kutoka nje, ilifanywa dola 200 mwezi wa Agosti 2024.

Kwa upande wa pili, karamu imewavuta wageni wengi mno. Mwaka wa 2023 waliofika walizidi 300,000, na walio wengi siku hizi hulala nchi kavu wala si melini. Fedha zao zimewaita wafanya kazi kutoka bara, na wakaazi wamekuwa zaidi ya 25,000. Kila mzigo wa chakula waweza kuwa na mdudu ndani yake. Yuko inzi mmoja aliyeletwa na watu, ambaye funza wake hufyonza damu ya makinda viotani, nao ni ndege wale wale waliomfungua macho Darwin. Mwezi wa Januari 2001 meli iitwayo Jessica ilipanda mwamba karibu na San Cristóbal na mafuta yake yakamwagika. Sehemu ya mafuta hayo ilikuwa imeagizwa kwa ajili ya meli ya watalii. Kwa sababu hizo Galápagos ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka wa 2007, hata ilipoondolewa mwaka wa 2010.

Wako pia wenyeji wanadamu wasioshirikishwa karamu. Mwaka wa 1995 wavuvi wa majongoo bahari, biashara ambayo watu wa pwani yetu waijua vizuri, walikivamia kituo cha utafiti na kuwatisha kobe, kwa hasira ya kukatazwa kuvua. Kitendo chao hakiwezi kusifiwa. Lakini mtu aonaye kwamba kobe ana mlezi naye hana, si ajabu akimchukia kobe.

Na mambo mengine hayaponi tena. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa makonokono alimwona kobe dume katika kisiwa cha Pinta, ambako ilidhaniwa hawako tena. Mbuzi watatu walioachwa huko na wavuvi mwaka wa 1959 walikuwa wamezaana kwa maelfu. Kobe huyo aliitwa George Mpweke. Alitafutiwa mwenzi kwa miaka 40 asipatikane wa ukoo wake, naye akafa tarehe 24 Juni 2012, na ukoo wake pamoja naye.

Pwani yetu

Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Katika Bahari ya Hindi makobe wakubwa wa Mauritius, Réunion na Rodrigues waliliwa wote na mabaharia. Walionusurika ni wa Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho sehemu ya Shelisheli. Mwaka wa 1874 kundi la wataalamu, na Darwin mzee akiwamo, walimwandikia Gavana wa Mauritius kumwomba awalinde. Leo Aldabra ina kobe wapatao 100,000. Kutoka Shelisheli, mwaka wa 1919, baadhi yao waliletwa Unguja kuwa zawadi, wakawekwa kisiwani Changuu. Huko nako wageni walikuja kuwatazama na wezi wakaja kuwachukua, hata mwaka wa 1996 walibaki saba tu. Ndipo ukajengwa uzio na wengine wakaletwa.

Basi methali yetu ni ya kweli, lakini si ya kweli kwa yenyewe. Kwa miaka 400 na zaidi wageni walikwenda Galápagos, na mwenyeji alizidi kuugua. Alianza kupona pale tu mgeni alipowekewa masharti. Wazee waliijua hatari hii, ndiyo maana hawakutuachia methali moja tu. Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ada, kiongozi, njia yenye alama, na siku 14 za mapumziko ya kisiwa, hayo ndiyo majembe ya Galápagos. Nyumba ikijaa wageni kupita kiasi, hata jembe halitatosha; itabidi mwenye nyumba asimame mlangoni aseme kwamba nafasi imekwisha. Mwenyeji wa Galápagos hawezi kusema neno hilo, kwa kuwa yeye ni kobe. Ni juu ya wanadamu kulisema kwa niaba yake.